Asubuhi Mbili za Uazimani

Ipo nchi isiyokaa juu ya ardhi kama nchi nyingine. Imo ndani ya nyumba ya mtu, kama kiini ndani ya yai na yai ndani ya kuku, na wakazi wake hawana habari na kuku. Inaitwa Uazimani. Anga lake ni kitambaa cha buluu kilichotandwa darini. Jua lake ni taa kubwa inayopandishwa kwa kamba na kushushwa kwa kamba, na mto wake ni bomba. Vyote ni vya kuazima kwa Mwenye Nyumba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na inasemekana ana vyumba vingine vingi, kila chumba na nchi yake, na kila nchi inajiona iko peke yake duniani.

Somoe binti Makame alifikaje huko, tusipoteze nayo muda. Alipanda, akashuka, akafika. Alikuwa mkunga wa Mikindani, mwanamke wa mwili wake, mwenye mikono laini na ulimi usio laini sana. Kapu lake la ukindu lilikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi mweupe uliochemshwa, chupa ya mafuta ya nazi, kanga mbili zilizofuliwa hadi zikawa kama utando wa maziwa, na vitumbua vitatu vya njiani, ambavyo viwili vilikwisha kuliwa.

Aliitwa kwa barua ya Mwenye Nyumba. Barua ilisema hivi: Uazimani yuko mwanamke anaitwa Arafa, mimba yake imetimia. Mtoto wake wa kwanza hakuishi, kwa kuwa alizaliwa wa baridi na maji ya moto hayakupatikana, na aliyepaswa kumsaidia hakusikia kengele. Mkunga hawana. Watu wa nchi hiyo hufika wote kwa pamoja alfajiri, wakitolewa ghalani na vyombo vyao, na jua likishushwa hurudishwa ghalani. Mtu wa kufika katikati ya mchana hawamjui. Mama, usimwache peke yake.

Somoe alifika kabla jua halijavutwa. Akapokelewa na Bwana Mshangama, Mtandikaji wa Alfajiri, mzee mwembamba mwenye magoti yanayolia kila akiinama, na kazi yake ilikuwa ya kuinama tu. Ndiye aliyeitandika nchi kila siku. Uazimani ina barabara moja ya hatua mia moja, na kila kitu hupewa hatua zake, zikaandikwa chini kwa chaki. Ukuta wa habari hatua ya arobaini hadi arobaini na nne. Chungu cha uji hatua ya sitini na moja. Ngoma, barafu, kinu cha pilipili, kiti cha hakimu, vyote vilitoka ghalani mgongoni mwa wenyewe, na mzee akawa anaonyesha kwa kidole: wewe hapa, wewe pale, wewe mguu ndani.

"Karibu, mama mkunga," alisema, akijinyoosha kwa awamu tatu. "Chumba chako hatua ya sabini na tatu. Kengele yako namba kumi na moja. Arafa akivuta kamba ya kumi na moja, inalia kwako."

"Ahsante, baba. Mbona unanipeleka mbali, na huku mbele ni peupe?"

"Bomba la moto la Mwenye Nyumba linatokeza sabini na tatu, wala halitokezi pengine. Mwenyewe kaniagiza: hicho usikisogeze."

Kisha akamfundisha sheria kuu ya nchi, kwamba kilicho na namba hutafutwa kwa namba. Macho wanayo, na wanayafumbua, ila sheria haiyaamini. Zamani watu walitumia macho wakagombana, huyu akiona ukuta, huyu akiona kivuli cha ukuta. Baraza likakaa siku nne, likala mbuzi wawili, likaamua kwamba macho ni maoni ya mtu binafsi. Toka siku hiyo raia mwema hutembea kidevu juu, akihesabu hatua, na akifika namba yake hufanya kazi yake, awe anaona nini au haoni.

"Na huyo wa mchana," Somoe akauliza, "umemweleza habari ya bomba?"

"Wa mchana simjui. Sheria inasema yeye akiingia, mimi niwe nimetoka. Miaka kumi na tisa namsikia viatu tu."

"Kwa hiyo hujui anafanya nini?"

"Atafanya nini, mama? Nchi imeshatandikwa. Nadhani anakaa anakunywa chai."

Viatu vikasikika. Mzee akachukua kamba yake ya kupimia, akapita mlango mdogo wa nyuma, akaufunga.

Akaingia Bi Sikudhani, Msimamizi wa Mchana, mrefu, nadhifu, miwani ameipandisha juu ya paji la uso kwa heshima ya sheria. Mkono mmoja ameshika ndoo, mkono wa pili dodoki lililoroweshwa. Akaanza hatua ya kwanza, akafuta. Ya pili, akafuta. Somoe akamfuata nyuma mdomo wazi.

"Dada yangu, unafuta nini?"

"Uchafu."

"Uchafu gani? Hizo si namba za watu?"

"Zimeandikwa na nani?"

"Na Bwana Mshangama, Mtandikaji."

"Simjui," akasema Bi Sikudhani, bila ukali wowote. "Mimi nilifundishwa kwamba mpango wa mtu usiyemjua ni uchafu. Kabla yangu alikuwako mtandikaji mmoja mlevi, aliweka tanuri mbili hatua moja. Mwokaji aliungua nyusi zote, na hadi leo akishangaa hujui kama ameshangaa. Tangu hapo sisi wa mchana hatumwamini mtu. Tunafuta, tunapanga upya."

Na haki ya mtu isiliwe, alipanga vizuri. Alivipanga vitu kwa ukubwa, kikubwa kwanza, kidogo mwisho, pasipo upenyo wa kupitisha hata unyoya. Ungekisifu kile kipangilio kama si kwamba chumba cha mkunga kilikwenda hatua ya kumi na mbili, kati ya ngoma kuu na kabati la hakimu, mahali pasipo na tone la maji. Kengele namba kumi na moja ikapewa mtwanga pilipili, jina lake Kibwana. Na hatua ya sabini na tatu, juu ya bomba la moto, akawekwa muuza barafu.

"Lakini dada, pale pana bomba," Somoe alisema.

"Bomba lina namba?"

"Halina."

"Basi halipo," akasema Bi Sikudhani, akahamia kwenye mambo mengine.

Kilichofuata Somoe alikisimulia Mikindani mara nyingi, na kila mara palikuwa na mtu wa kumwambia anaongeza chumvi. Wale waliomfuata Bi Sikudhani na kumwuliza, walipewa namba mpya. Ila waliokwisha kuanza kazi hakuna aliyewaambia, kwa sababu katika Uazimani kumsemesha mtu aliyeko kazini ni utovu wa adabu. Pandu, mwandika habari, alikuwa ameshachovya brashi yake ndefu ya dhiraa nane, kidevu juu, anaandika hatua ya arobaini kama alivyoelekezwa alfajiri. Ukuta ulikuwa umekwenda hatua ya tatu. Hatua ya arobaini alikuwepo Bi Mwanache, muuza uji, akiwa ameinamia chungu chake. Pandu akamwandika HALI YA mgongoni na NCHI NI kiunoni, na alipoinuka kuchukua sukari, neno SHWARI likampata usoni.

Wasomaji wa habari wakamfuata Bi Mwanache barabara nzima ili wamalize sentensi. "Mama, geuka kidogo," walimwambia kwa adabu. "Tumefika kwenye NI."

"Nigeuke mara ngapi? Uji unaungua."

"Ukurasa wa pili tu, mama."

Wanywaji wa uji nao walikwenda hatua ya sitini na moja waliyoizoea. Pale alikaa hakimu. Wakachovya vikombe ndani ya mfuko wa joho lake, wakainua, wakameza, wakatazamana. Mmoja alisema leo uji ni mwepesi. Mwingine alisema ndiyo maisha yalivyo siku hizi. Hakimu hakulalamika, kwa kuwa kwa namba alikuwa mahali pake halali, na mtu aliye mahali pake halali hawezi kuwa anachovywa.

Somoe angecheka mpaka akae chini, lakini alikwisha kusikia sauti ambayo mkunga haichanganyi na nyingine. Akavunja sheria mbele za watu. Akatumia macho, akaiona nyumba yenye pazia la kijani, akaingia.

Arafa alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, jasho linamtiririka, mkono mmoja ameng'ang'ania nguzo ya kitanda na wa pili kamba ya kumi na moja. Mbele yake amesimama Kibwana, ameshika mchi.

"Kengele imelia, nimekuja," Kibwana alikuwa akisema. "Pilipili ziko wapi?"

"Kaka yangu, nakuomba kwa jina la mama yako, ondoka," akasema Arafa.

"Siwezi kuondoka bila kutwanga, shemeji. Nitaandika nini?"

Somoe akampokonya mchi, akamgeuza kwa mabega, akamtoa nje. Akanawa kwa mafuta, akampima Arafa taratibu, akamwuliza uchungu umeanza lini.

"Tangu jua lilipofika kwenye kile kiraka cha anga. Mama, yule wa kwanza alitoka kimya. Alikuwa baridi kama bakuli. Nilivuta kamba mpaka ikanikata kiganja, akaja muuza vitana."

"Huyu hatoki kimya," akasema Somoe, ingawa mkunga mwenye akili haahidi hivyo. "Una saa moja, na nusu ukiwa na bahati. Mimi nakwenda kutafuta maji. Pumua. Usivute kamba, asije huyu wa pilipili."

Akakimbia na ndoo hadi sabini na tatu. Muuza barafu alikuwa amekaa juu ya mapande yake, suruali imelowa, anayaangalia yakiyeyuka chini yake kwa mvuke. Somoe alipokinga ndoo yakatoka maji ya uvuguvugu yenye vipande vya barafu vinavyogongana.

"Sogea, kaka, nipate maji ya moto."

"Hapa ni barafu, mama. Imeandikwa."

"Unaungua makalio na unaniambia barafu?"

"Naungua kwa siri," akasema muuza barafu kwa uchungu. "Nikisogea bila namba mpya, mimi si muuza barafu tena. Nitakuwa nani?"

Swali lilikuwa zuri, ila siku hiyo halikuwa na nafasi. Somoe aliitupa ndoo, akaenda moja kwa moja kwenye mlango mdogo wa nyuma, akaupiga teke. Bwana Mshangama alikuwa ndani, juu ya kigoda, anakunywa chai na kujipaka mafuta magotini.

"Simama, baba. Nchi yako imefutwa."

"Imefutwa na nani?"

"Na viatu. Kila siku, miaka yote kumi na tisa. Unatandika, anafuta."

Mzee akaweka kikombe chini polepole sana, kama kina mtoto ndani yake. "Kila siku?"

"Utalia baadaye. Arafa ana uchungu na bomba limekaliwa na barafu."

"Siruhusiwi kutoka. Sheria inasema yeye akiingia, mimi niwe nimetoka."

"Uwe umetoka, sawa. Inasema usirudi?"

Bwana Mshangama akawaza. Aliisema sheria yote moyoni toka mwanzo hadi mwisho, midomo ikichezacheza, akarudia, kisha uso wake ukafunguka kama dirisha. "Haisemi," akasema. Akaruka kutoka kigodani, na magoti yake safari hii hayakupata hata nafasi ya kulia.

Walimkuta Bi Sikudhani hatua ya tisini, ananyoosha mstari wa vijiko. Wakatazamana. Watu wakaacha kazi. Pandu alishusha brashi. Kulikuwa na raia walioamini kwamba Mtandikaji kuonekana mchana ni hadithi ya kuwatisha watoto, japokuwa watoto wenyewe hawakuwapo.

"Wewe ndiye uchafu?" akauliza Bi Sikudhani.

"Wewe ndiye viatu?" akauliza Bwana Mshangama.

"Nchi yangu nimeipanga kwa ukubwa, mzee. Hakuna hatua mbili zinazogongana. Ikague."

"Na yangu haikugongana hata mara moja. Mimi si yule mlevi. Mimi ndiye niliyekuja baada yake. Nimezipigia magoti hatua mia kila alfajiri, na wewe unakuja na dodoki."

"Ningejuaje? Uliniambia?"

"Nilikuandikia. Chini hapo, kwa chaki."

"Uliniandikia namba," akasema Bi Sikudhani. "Hukuniandikia sababu. Mkunga sabini na tatu. Kwa nini si kumi na mbili? Namba isiyo na sababu nitaiachia nini, uzuri wake?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema mzee.

Kutoka nyumba ya pazia la kijani Arafa akapiga ukelele, na barabara yote ikatulia.

Somoe akasimama kati yao, mikono kiunoni. "Nisikilizeni, wanangu, na wewe baba unisamehe. Ziko hatua ngapi zenye sababu ya Mwenye Nyumba, ambazo zikisogezwa mtu anaumia?"

Bwana Mshangama akahesabu kwa vidole. "Bomba, sabini na tatu. Kamba ya jua, hatua ya tisini na tisa. Na kengele ya mkunga iende pamoja na chumba chake. Tatu."

"Tatu tu?" akasema Bi Sikudhani. "Katika mia? Zile nyingine ulikuwa unavunjia magoti nini?"

"Na wewe ulikuwa unazifutia nini?"

Wakatazamana tena, na kitu kikaanza kutikisika mabegani mwa Bi Sikudhani. Kilikuwa kicheko, na kilipotoka kilimchukua na mzee, wakashikana mikono wasianguke, kamba ya kupimia na dodoki vikaviringishana katikati yao.

"Haya," alisema Bi Sikudhani akijifuta macho. "Zenye sababu weka alama, na uiandike hiyo sababu, sitazigusa. Zilizobaki nitapanga nitakavyo."

"Na walioanza kazi?"

"Aliyeanza kazi aambiwe kabla hajasogezwa. Hata kama ni utovu wa adabu."

Wakaandika papo hapo, wakapiga magoti wote wawili. Muuza barafu akapewa namba kumi na mbili kwa maandishi, akainuka kwa shukrani ambayo haikuwahi kuonekana kwa mtu anayehamishwa. Chumba cha mkunga kikabebwa juu juu. Arafa naye akabebwa pamoja na kitanda chake, vijana wanne wa ngoma kila mmoja ameshika mguu mmoja wa kitanda, Somoe mbele akifungua njia, Kibwana nyuma akiuliza kama kengele bado ni yake. Walipopita hatua ya arobaini, Pandu, ambaye alikuwa bado hajaambiwa, akaandika kwa herufi nzuri juu ya shuka: HABARI ZAIDI BAADAYE. Arafa aliisoma kinyumenyume, akacheka katikati ya uchungu mpaka kitanda kikayumba.

Sabini na tatu maji yalitoka ya moto, yakijaza karai kwa mvuke. Haikupita muda. Mtoto alitoka mdogo, wa kike, na kwa muda wa pumzi tatu alikuwa kimya. Arafa alimwangalia Somoe usoni. Somoe akayajaribu maji kwa kiwiko, akamzamisha mtoto hadi shingoni, akamsugua mgongo kwa vidole viwili, juu, chini, juu, akisema naye taratibu kama anayembembeleza mtu mlangoni. Kisha mtoto akalia, sauti nyembamba na yenye hasira, ikasikika hadi hatua ya mia.

Nje Bi Sikudhani na Bwana Mshangama walikuwa wameinamia daftari.

"Hana namba," akasema mzee kwa kunong'ona. "Kisicho na namba hakipo."

"Mbona anasikika."

"Hatua zote zimejaa. Mimi nilizijaza, na wewe ukazijaza zaidi. Wawili hatua moja haiwezekani, toka zile tanuri."

Bi Sikudhani akaishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, akaivaa machoni mbele ya raia wote, akaingia chumbani, akamtazama mtoto muda mrefu. Alipotoka alisema, "Sabini na nne na sabini na tano ziwe wazi. Wa vitana na wa vioo watasogea, waambiwe kwanza."

"Sabini na nne ya mtoto. Sabini na tano ya nani?"

"Sijui," akasema Bi Sikudhani. "Ndiyo maana iwe wazi."

Somoe alilala Uazimani siku hiyo, kwa kuwa mzazi haachwi. Jua liliposhushwa watu wote walirudi ghalani, isipokuwa Somoe, Arafa na mtoto, na Bwana Mshangama alipokuja alfajiri alitandika nchi kuwazunguka, akitembea kwa ncha za vidole. Kisha akatoka. Viatu vikasikika. Bi Sikudhani akaingia na ndoo yake, akafuta hatua ya kwanza, akafuta ya pili, akaja akifuta hivyo hivyo, mkono haujasahau kazi yake, hadi akafika penye mwandiko mrefu wa chaki uliojaa sababu. Akapiga magoti, akausoma wote. Dodoki likawa linadondosha maji pembeni.

"Amelala?" akauliza.

"Amelala," akajibu Arafa.

"Basi leo nitaanzia kule mwisho," akasema Bi Sikudhani, akavua viatu, akavishika mkononi, akaondoka.